Nisiongeze, Nisipunguze

Niliapa saa nne na dakika kumi,
Sheffield, mahakama namba tatu, koti langu likidondosha maji:
nitafasiri kwa uaminifu wote,
nisiongeze, nisipunguze.
Kisha wakanipa neno lenyewe, nalo ni la kupungua.

Bwana Mushagalusa amekaa nyuma ya kioo,
suti ya kuazima, mabega hayajaifikia.
Mimi kando yake, daftari na kalamu mbili,
namnong'oneza habari zake mwenyewe.
Hapa hakuna swali la nani. Nani tunamjua.
Alimuua mdogo wake Bisimwa, jikoni,
usiku wa theluji ya kwanza, birika bado linachemka.
Wala si swali la kukusudia. Alikusudia.
Ndipo kamusi iliponiponyoka:
sisi tuna kuua kwa kukusudia
na kuua bila kukusudia, milango miwili, basi.
Waingereza wametoboa dirisha katikati:
alikusudia, ndiyo,
kwa akili iliyokuwa imeinama.

Nijaribu. Wajibu uliopungua?
Hiyo ni bei ya samaki: punguza mama, punguza kidogo.
Punguani? Ningemvua nguo mbele za watu.
Mwendawazimu ana ua wake mwingine,
na sheria imesema huyu hapiti huko.
Nikaandika: mtu aliyebeba kosa
kwa mkono ulioteguka.
Nikafuta. Nimeongeza.

Daktari wa kwanza, mwanamke mwenye kikohozi,
alisema ugonjwa una jina na jina limo vitabuni;
kwamba miezi tisa mgonjwa alisikia redio ya jirani
ikimtaja yeye na marehemu mama yake, kwa Kimashi;
kwamba uwezo wa kupima jambo, uwezo wa kujizuia,
uliharibika kwa kiasi kikubwa.
Daktari wa pili: uliharibika, sikatai,
ila si kikubwa hivyo.
Kikubwa kiasi gani? akauliza wakili.
Jaji akawageukia wale kumi na wawili:
si lazima uwe umekwisha wote, wala isitoshe chembe.
Mtapima ninyi.
Nikawatazama. Kijana wa pete puani,
bibi aliyekuwa akifuma wakati wa chakula,
mwanamume anayesinzia tangu Jumatatu,
wamekabidhiwa kibaba
wapimie giza la mtu.

Yeye, alipoulizwa, alijibu kwa Kiswahili cha Bukavu:
"Kichwa ilikuwa na watu mingi, mama.
Mimi nilikuwa nimebakia inje, kwa mlango."
Mwalimu wangu wa Tanga angekamata chaki.
Mimi nilitafuta Kiingereza
kilichovunjika mahali palepale.

Sifa, mjane, hakuhitaji mkalimani.
Nilimkuta chooni akinawa mikono, ananawa tu,
akasema na kioo, hakusema nami:
"Wa kwangu alikufa mzima.
Yeye hakupunguziwa."
Sikuwa zamuni. Sikulifasiri.
Liko nami hadi leo, halijashuka.

Siku ya tisa wakarudi.
Msemaji wao, yule bibi, alishika karatasi kwa mikono miwili
kama sahani ya mchuzi.
Hana hatia ya kuua kule kwa kwanza.
Ana hatia ya huku kwa pili.
Nilimtilia yote mawili sikioni.
Akageuka. Kwa mara ya kwanza akanitazama machoni:
"Kwa hiyo niliua kidogo?"

Na mimi, niliyeapa, nikasimama
nikalisema kwa sauti, kwa Kiingereza,
mbele ya jaji, mbele ya Sifa,
kama lilivyo, kwa uzito wake.
Karani akaacha kuchapa.
Jaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena,
akaanza kueleza habari za hospitali.